Kutoka Arusha hadi Baraka: safari ndefu ya sheria kumfikia mwanamke wa Fizi

Usiku wa Mwaka Mpya wa 2011, wanajeshi wa jeshi la taifa la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliokuwa wamepiga kambi Fizi, mkoani Kivu Kusini, waliingia katika nyumba za raia, wakapora, wakapiga na kubaka, wakidai kulipiza kisasi cha mwenzao aliyeuawa. Wiki saba baadaye, tarehe 21 Februari, Mahakama ya Kijeshi ya Kivu Kusini, iliyokuwa imehamishia kikao chake katika mji wa Baraka, ilimhukumu kamanda wao, Luteni Kanali Mutuare Daniel Kibibi, kifungo cha miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wanawake 49 walikuwa wametoa ushahidi. Maofisa watatu walipewa kifungo kama chake, wanajeshi wengine watano wakapata vifungo vifupi zaidi, na mmoja akaachiwa huru. Hadi siku hiyo hakuna afisa wa cheo cha Kibibi aliyewahi kuhukumiwa nchini Kongo kwa ubakaji uliotendwa na kikosi chake. Tukio hilo la Baraka linastahili kusomwa upya, kwa sababu linajibu swali ambalo mikutano mingi hulizunguka: mwanamke wa maeneo ya vita amepungukiwa na nini hasa? Mikataba ilikuwepo zamani. Kilichokosekana ni hakimu anayefika alipo yeye, mapema, kabla mashahidi hawajatawanyika na wahalifu hawajahamishiwa kambi nyingine.

Maandishi yenyewe yana umri mkubwa. Mkataba wa nne wa Geneva wa 1949 ulitamka kwamba wanawake walindwe dhidi ya ubakaji, ingawa ulilihesabu kosa hilo kuwa shambulio juu ya heshima yao na haukuliweka katika orodha ya makosa mazito ambayo kila nchi ilipaswa kuyashtaki. Itifaki ya pili ya 1977 ilipanua katazo hilo hadi vita vya ndani ya nchi. Halafu pakawa kimya kwa miaka ishirini. Kimya hicho kilivunjwa Arusha, katika mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, na kilivunjwa na wanawake wa kijijini. Hati ya kwanza ya mashtaka dhidi ya Jean-Paul Akayesu, bugumesta (meya) wa Taba, haikuwa na neno lolote juu ya ubakaji. Mashahidi ndio waliosema mahakamani yaliyowapata, na Jaji Navanethem Pillay, mwanamke pekee miongoni mwa majaji wa mahakama hiyo wakati ule, alikuwa mmoja wa watatu waliowasikiliza. Juni 1997 hati ikarekebishwa, na tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akatiwa hatiani. Kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ikaamua kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kutenda mauaji ya kimbari. Mwaka huohuo Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ulitaja ubakaji na utumwa wa ngono kati ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kongo iliuridhia Aprili 2002. Anayesema kwamba sheria hii ni ya wazungu na tumeletewa tu, anasahau kwamba sehemu yake nzito ilitamkwa na mama wa Kinyarwanda, katika mji wa Tanzania.

Lakini tazama Fizi yenyewe ilivyokuwa miaka hiyohiyo. Hukumu ya Akayesu haikuwa imetimiza miezi minne pale watu wa Makobola, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, walipouawa kwa wingi kati ya mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 iliyaorodhesha mauaji hayo pamoja na mamia ya matukio mengine ya miaka ya 1993 hadi 2003. Familia nyingi za Wabembe, wenyeji wa Fizi, zilikuwa zimekwisha kuvuka ziwa kwenda Kigoma, Tanzania, na kupata hifadhi katika kambi ya Nyarugusu. Azimio 1325 la Baraza la Usalama, la Oktoba 2000, lilitaka wanawake walindwe vitani na washirikishwe katika kutafuta amani. Itifaki ya Maputo ya 2003, kuhusu haki za wanawake wa Afrika, ikawataja wanawake wakimbizi waziwazi. Sheria ya Kongo ya Julai 2006 ikaongeza makali ya adhabu kwa wabakaji. Yote hayo yalipita juu ya vichwa vya wanawake wa Fizi bila kuwagusa.

Ndiyo sababu naitilia uzito mkubwa mahakama ile inayotembea. Majaji na mawakili walitoka Bukavu wakaja na majoho yao na majalada yao mpaka Baraka, chini ya milima ya Fizi. Mashahidi hawakulazimika kutafuta nauli ya kwenda mji wasioujua, na hatua zilichukuliwa kuficha sura zao. Kisheria nako kulikuwa na kazi ya ufundi. Kanuni ya adhabu ya kijeshi ya 2002 ilichanganya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu kiasi cha kuwakwaza hata wanasheria, ila Kifungu cha 153 cha Katiba ya 2006 kinaziruhusu mahakama kutumia mikataba iliyoridhiwa. Kwa mlango huo, majaji Wakongomani wa Songo Mboyo, mkoani Equateur, walikuwa wamekwisha kuutumia Mkataba wa Roma mwaka 2006 katika kesi ya ubakaji. Baraka walifuata njia hiyo, na kamanda akawajibika kwa yale aliyowatuma askari wake wayatende.

Wapo waliosema, na bado wanasema, kwamba kesi ile ilikuwa maonyesho: iliendeshwa kwa haraka mno, ikagharamiwa na mashirika ya Marekani, ili ulimwengu uone kitu. Hoja ya fedha ni ya kweli na inauma, kwa kuwa haki isiyokuwa na fungu katika bajeti ya dola hukoma siku mfadhili anapoondoka. Hoja ya haraka siikubali. Mshtakiwa mmoja aliachiwa, mwingine akapelekwa mbele ya mahakama ya watoto kwa sababu ya umri wake. Mahakama ya maonyesho haipembui hivyo. Tena tuna cha kulinganisha. Novemba 2012 wanajeshi waliokuwa wakikimbia kutoka Goma walibaka wanawake wengi Minova, Kivu Kusini. Kesi ilianza mwaka mmoja baadaye, na majaji walifika hata Minova kuwasikiliza waathirika. Hukumu ya Mei 2014 iliwatia wawili tu hatiani kwa ubakaji kati ya washtakiwa 39. Kwa hiyo kufika kijijini peke yake hakutoshi. Fizi kikosi kilikuwa kinajulikana na upelelezi ulianza kumbukumbu zikiwa mbichi; Minova vikosi vilikuwa vimechanganyikana na muda ulikuwa umepita. Kavumu, pia Kivu Kusini, Desemba 2017, ukaribu na upelelezi vilikutana tena, na mbunge wa mkoa Frédéric Batumike akafungwa maisha pamoja na wanamgambo wake kwa ubakaji wa watoto wadogo.

Pingamizi ninaloliona zito kuliko yote linatoka kwa waathirika wenyewe: hukumu imesomwa, fidia iko wapi? Mahakama za Kongo zimeamuru fidia kesi baada ya kesi, mara nyingi zikiihusisha serikali katika kulipa, na karibu zote hazijalipwa. Mwanamke aliyesimama mbele ya askari akaeleza kila kitu anarudi nyumbani akiwa na karatasi, na jirani zake wanajua sasa kilichompata. Hili halibatilishi kesi ya Baraka, linaonyesha ilipokatikia. Sheria ya Desemba 2022 iliyounda mfuko wa taifa wa fidia kwa waathirika, FONAREV, imekubali kwamba deni hili ni la dola. Kipimo chake kitakuwa malipo yatakayofika Fizi.

Kuna pia wanawake ambao hata kesi ile haikuwa na namna ya kuwagusa. Tangu 2015 kambi ya Lusenda, kwenye barabara ya ufukweni kati ya Uvira na Baraka, imewapokea Warundi waliokimbia ghasia za nchi yao. Oktoba 2017 majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waliruhusu uchunguzi wa uhalifu wa Burundi, ubakaji ukiwemo, siku mbili tu kabla nchi hiyo haijajitoa rasmi katika Mkataba wa Roma. Yaliyotendeka kabla ya kujitoa bado yamo mikononi mwa mahakama hiyo. Na kwa dhuluma inayompata mkimbizi akiwa tayari kwenye ardhi ya Kongo, Kifungu cha 16 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kinampa ruhusa ya kwenda mahakamani kama raia. Njia ya kuteremka kutoka Bukavu hadi Baraka hupita Lusenda. Hakuna sheria inayowazuia majaji kufungua kikao hapo, na tangu 2013 mahakama za rufaa za kiraia nazo zina mamlaka ya kusikiliza uhalifu wa kimataifa, kwa hiyo mtuhumiwa akiwa raia, mkimbizi hahitaji tena kumngoja hakimu aliyevaa sare.