Karanga za Kongwa na Hukumu za Wakubwa

Februari 1947 serikali ya Uingereza ilichapisha waraka ulioahidi jambo ambalo Afrika ya Mashariki haikuwa imepata kuliona: ekari 3,210,000 za pori zifyekwe na kupandwa karanga ndani ya miaka sita. Hesabu zake zilikuwa nadhifu mno. Mashamba 107, kila moja la ekari 30,000. 80 kati yake Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini na 10 Kenya. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 24 hivi, na mafuta ya karanga hizo yangewapunguzia Waingereza adha ya mgao wa majarini na mafuta ya kupikia ulioendelea hata baada ya Vita ya Pili ya Dunia kwisha. Januari 1951 serikali hiyohiyo ilitangaza kuuvunja mpango na kufuta pauni zipatazo milioni 36 katika vitabu vyake. Kongwa, kitovu cha mradi, ikaachiwa vyuma chakavu na eneo kubwa la ardhi iliyovuliwa miti.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wataalamu wa kilimo husema tatizo lilikuwa mvua, udongo na matrekta. Wanahistoria wa ukoloni husema lilikuwa kiburi cha watawala walioiona ardhi ya watu kuwa mahali patupu. Zote mbili zina ukweli, wala sina nia ya kuzipinga. Ila zinaeleza kwa nini karanga hazikustawi. Hazielezi kwa nini watu wasomi, wenye taarifa za kushindwa mezani mwao, waliendelea kuamini na kuongeza fedha. Hapo tumeingia katika swali la akili ya binadamu: rai inajengwaje, inajikingaje dhidi ya ushahidi, na inageukaje kuwa uamuzi. Sayansi ya tabia ilikuwa changa wakati huo. Mwaka uleule wa 1947 Mmarekani Herbert Simon alitoa kitabu chake kuhusu utendaji wa watawala, akijenga hoja kwamba mwamuzi hana taarifa wala uwezo wa kupima njia zote zilizo mbele yake. Kwa maoni yangu, maafa ya Kongwa hayakuzaliwa na ujinga. Yalizaliwa na hukumu ya kawaida kabisa, ya aina ambayo kila mtu huifanya, isipokuwa hii ilikuwa imekalishwa mahali ambapo hakuna aliyeweza kuigusa.

Tuanze na makadirio. Wazo lilitoka mwaka 1946 kwa Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever. Serikali ikamtuma John Wakefield na wenzake wawili kulichunguza. Walizunguka kwa wiki tisa, wakarudi na ripoti yenye takwimu za kila kitu, lakini hakukuwa na shamba la majaribio hata moja. La kustaajabisha ni kwamba Wakefield hakuwa mgeni: alipata kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Ugogo, ambako Kongwa ipo, ilikuwa nchi ya njaa zilizopewa majina, na ile iliyoitwa Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, iliua maelfu kwa maelfu. Mtu wa idara ya kilimo hakuhitaji kwenda mbali kulijua hilo.

Inawezekanaje basi mtu awe na maarifa na asiyatumie? Mwanasaikolojia Daniel Kahneman amesimulia kisa kinachofanana sana na hiki. Katika miaka ya 1970 alikuwa Israel katika kundi lililokuwa likiandaa mtaala na kitabu cha kiada cha shule za sekondari, kuhusu, kwa kejeli ya bahati, namna watu wanavyoamua. Aliwaomba wenzake waandike kwa siri kazi itachukua muda gani. Wote walikadiria kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili na nusu. Kisha akamgeukia mtaalamu wa mitaala aliyekuwamo na kumuuliza makundi mengine kama lao yalichukua muda gani. Mtaalamu akababaika, akakiri kwamba karibu asilimia 40 hayakumaliza kabisa, na yaliyomaliza yalitumia miaka saba hadi kumi. Dakika chache kabla, mtaalamu huyohuyo alikuwa ameandika makadirio mafupi kama ya wenzake. Kundi likaendelea na kazi kana kwamba halikusikia kitu, na kitabu kilikamilika baada ya miaka minane. Kahneman na mwenzake Amos Tversky walieleza tabia hii katika maandishi yao ya mwaka 1979: anayepanga hutazama hatua za mpango wake kwa ndani, akasahau kuuliza mipango ya aina hiyo huishia wapi. Wakefield alihesabu mashamba. Historia ya mvua za Ugogo ilikuwa kichwani mwake, katika chumba kingine.

Makadirio mabaya peke yake yangesamehewa, kwa kuwa mwaka wa kwanza uliyafichua. Lengo la 1947 lilikuwa kufyeka ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi. Matrekta mengi, yaliyonunuliwa kutoka masalia ya jeshi Ufilipino, yalikuwa hoi. Mizizi ya vichaka iliwashinda mafundi, na mibuyu haikung'oka kirahisi. Udongo wa Kongwa, ukipatwa na kiangazi, ulikuwa mgumu kama saruji, hata karanga zilizokomaa zikawa haziwezi kuchimbuliwa bila kuvunja majembe. Septemba mwaka huo wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na vipuri vikakwama. Jibu la wakubwa lilikuwa kuongeza nguvu: vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta na kupewa jina la Shervick, na mwaka 1948 likaundwa shirika jipya la umma, Overseas Food Corporation, kuubeba mradi.

Mwaka 1976 mtafiti Barry Staw alichapisha jaribio linalotusaidia kulisoma jibu hilo. Wanafunzi wa biashara waliigizishwa uongozi wa kampuni na kutakiwa kuipa idara moja dola milioni 10 za utafiti. Baadhi wakaambiwa idara iliyochaguliwa imefanya vibaya, kisha wakapewa milioni 20 nyingine wazigawe. Waliofanya uchaguzi wa kwanza wao wenyewe waliipa idara iliyoshindwa fedha nyingi kuliko wale walioambiwa kwamba uchaguzi ule ulifanywa na mtu mwingine. Kushindwa hakukuwafukuza, kuliwavuta ndani zaidi, maana kuacha kungekuwa kukiri. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, na kwa kawaida tunaisikia kauli hiyo kuwa sifa ya ushupavu. John Strachey, Waziri wa Chakula, alikuwa ameyavulia nguo mbele ya Bunge zima.

Kuna pingamizi la haki hapa. Uingereza ilikuwa na shida kweli. Mwaka 1946 hata mkate uliwekwa kwenye mgao, jambo ambalo halikufanyika wakati wa vita. Serikali inayobanwa namna hiyo hulazimika kujaribu. Nakubali kwamba dhiki inaeleza haraka ya mwanzo. Haielezi miaka iliyofuata, kwa sababu kila pauni iliyozama Kongwa ilikuwa pauni isiyonunua mafuta kwingine. Nadharia ya matarajio ya Kahneman na Tversky, nayo ya 1979, inalimulika jambo hili vizuri zaidi: mtu aliyewekewa hasara ya hakika mbele yake huwa mcheza kamari, hata kama ni mwoga wa kamari anapokuwa na faida mkononi. Hasara ilipoiva, wakubwa wakajaribu alizeti, na ukame ukaiunguza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: sisi tunajua mwisho, kwa hiyo tunawaona waliotangulia kuwa vipofu. Saikolojia yenyewe inatuonya. Mwaka 1975 Baruch Fischhoff aliwapa watu maelezo ya vita vya 1814 kati ya Waingereza na Wagurkha, akawaambia makundi tofauti matokeo tofauti. Kila kundi likaelekea kuona kwamba matokeo liliyoambiwa yalitarajiwa zaidi tangu mwanzo. Onyo hilo lazima lizingatiwe. Lakini ushahidi ninaoutegemea ulikuwapo kabla ya mwisho kujulikana, na ulionekana shambani kwa macho. Wagogo walilima mtama na uwele katika nchi ileile na kufuga ng'ombe ambao wakati wa njaa waliuzwa kwa nafaka. Huo ulikuwa uamuzi uliokwisha kujaribiwa vizazi na vizazi, ukimwambia yeyote aliyetaka kuuliza kwamba mvua ya hapa haiaminiki.

Wapo pia wanaosema sayansi hii yenyewe inayumba. Mwaka 2015 watafiti waliorudia tafiti 100 za saikolojia walipata matokeo yanayolingana na ya awali katika chini ya asilimia 40 tu. Ni aibu ya kweli, na imeangusha nadharia kadhaa zilizovuma. Ndiyo maana sitaki maabara iihukumu Kongwa. Ninaitumia kuuliza maswali, na majibu nayatafuta katika ekari na pauni.

Linabaki pingamizi la wanahistoria wa ukoloni, kwamba kuzungumzia akili ni kuwasafisha watawala, kana kwamba dola ilikuwa bahati mbaya ya ubongo. Hapa ndipo saikolojia ya mtu mmojammoja inapoishiwa. Solomon Asch, katika majaribio aliyoyachapisha kuanzia 1951, alionyesha kwamba watu wengi hukubali urefu wa mstari usio sahihi pale kundi zima linapoutaja kwa sauti; lakini akiwapo mwenzi mmoja tu wa kusema ukweli, ulegevu huo hupungua sana. Katika meza za London zilizoamua juu ya Kongwa, mwenzi huyo angeweza kuwa Mgogo. Hakuwa na kiti. Makosa ya hukumu ni ya kila mtu, ila ni mamlaka yanayoamua ni nani ataruhusiwa kuyataja.

Tukidhani jambo hili liliondoka pamoja na bendera ya Uingereza, tutazame Ugogo huohuo katika miaka ya 1970. Operesheni Vijiji, mpango wa serikali ya Tanzania huru wa kuwakusanya watu vijijini, ilikuwa na nia tofauti kabisa: shule, maji na zahanati kwa wananchi wenyewe. Hata hivyo mwaka 1973 kuishi vijijini kukageuzwa kuwa amri yenye tarehe ya mwisho, 1976, na mamilioni ya watu wakahamishwa. Viongozi wa mikoa wakawa wanapimwa kwa idadi ya waliohamishwa, na aliyetaja umbali wa mashamba au uchache wa malisho alionekana anachelewesha operesheni.