Kisu cha kufyatua: sheria za kumiliki na kubeba

Kisu cha kufyatua ni kisu ambacho bapa lake hutoka lenyewe pindi kitufe cha mpinini kinapobonyezwa. Ndani ya mpini mna springi iliyobanwa. Kitufe kikiguswa, kizuizi huachia na bapa huruka hadi mahali pake na kujikaza hapo. Katika baadhi ya visu hivi bapa hutokea ubavuni, mithili ya mlango. Katika vingine huchomoka moja kwa moja kupitia tundu la mbele. Sheria nyingi hukitaja pamoja na kisu cha mteremko, ambacho hakina springi, bali bapa lake hushuka kwa uzito wake mpini unapoinamishwa au kutikiswa. Kuviweka hivi viwili kapu moja kumewaponza watu wengi, kama itakavyoonekana hapa chini.

Kisu cha kufyatua kilianza kama zana ya kazi. Mwaka 1892 George Schrade, fundi wa visu wa New York, alipata hataza ya kisu cha kitufe, na kwa miongo kadhaa visu vya namna hiyo viliuzwa madukani kwa wakulima, wavuvi na mafundi wa Marekani, watu ambao mara nyingi mkono mmoja umeshika kazi na wa pili ndio pekee ulio huru kufungua kisu. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la Marekani liliwapa askari wake wa miavuli kisu cha kufyatua kiitwacho M2, ili aliyenaswa mtini aweze kukata kamba za mwavuli kwa mkono mmoja. Jeshi la anga la Ujerumani liliwapa askari wake wa miavuli kisu cha mteremko kwa sababu ileile.

Sifa ya kisu cha kufyatua ilibadilika baada ya vita. Wanajeshi waliorudi kutoka Italia walileta nyumbani visu vyembamba vya kufyatua vyenye ncha kali, na biashara ya kuviagiza ikashamiri. Mji wa Maniago, kaskazini mashariki mwa Italia, unavitengeneza hata leo. Novemba 1950 jarida la Woman's Home Companion lilichapisha makala iliyokiita kichezeo kinachoua. Kisha sinema zikakidaka. Katika Rebel Without a Cause ya mwaka 1955 vijana wanapigana nacho, na katika 12 Angry Men ya mwaka 1957 kisu cha namna hiyo kinachomekwa mezani mbele ya wazee wa baraza. Hofu ya magenge ya vijana ikapata sura, na sura hiyo ilikuwa na kitufe. Jimbo la New York lilikipiga marufuku mwaka 1954, na tarehe 12 Agosti 1958 sheria ya shirikisho ikapita.

Sheria hiyo ya 1958 hueleweka vibaya mara nyingi. Haikatazi raia kuwa na kisu cha kufyatua ndani ya jimbo lake. Inachokataza ni kukiingiza katika biashara inayovuka mipaka ya majimbo au kutoka nje ya nchi, pamoja na kukitengeneza kwa ajili ya biashara hiyo. Kumiliki kumekatazwa katika maeneo yaliyo chini ya serikali kuu moja kwa moja, zikiwemo ardhi za Wahindi Wekundu. Adhabu ni faini isiyozidi dola 2,000, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Wanajeshi walio kazini wamesamehewa. Msamaha mwingine ni wa mtu mwenye mkono mmoja tu, ambaye anaruhusiwa kubeba kisu cha kufyatua chenye bapa lisilozidi inchi 3. Kifungu hicho kifupi kinastahili kusomwa mara mbili, kwa kuwa ndani yake Bunge lilikiri kwamba kifaa lilichokitungia marufuku kina haja halali kwa binadamu.

Tatizo lililobaki lilikuwa maana ya neno lenyewe. Sheria inakieleza kisu hiki kuwa ni kile ambacho bapa lake hufunguka kwa kubonyeza kitufe mpinini, au kwa nguvu ya uzito au mtikiso. Watengenezaji walipobuni visu vya kusaidiwa, ambavyo mtu husukuma bapa kwa kidole kwanza ndipo springi imalizie, idara ya forodha mwaka 2009 ilitaka kuvihesabu navyo kuwa vya kufyatua. Mamilioni ya wenye visu vya kawaida mfukoni wangejikuta na kitu kisichoruhusiwa kuingizwa nchini. Bunge likaingilia kati mwaka huohuo na kusamehe kisu chochote ambacho mtambo wake hulivuta bapa lirudi kufungika hadi mkono uishinde nguvu hiyo.

Mjini New York neno liliumiza watu wa damu na nyama. Sheria ya jimbo ilikataza kisu cha mteremko, na polisi pamoja na waendesha mashtaka waliichukua kuwa inahusu kisu chochote cha kukunja ambacho askari anaweza kukifungua kwa kutikisa kifundo cha mkono. Basi askari akiona klipu ya kisu imening'inia mfukoni mwa seremala au fundi umeme, alikichukua, akakitikisa mara moja, mara mbili, mara kadhaa. Kikifunguka, mwenye nacho alikamatwa. Visu hivyo vilinunuliwa hadharani katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Maelfu ya watu walishtakiwa, wengi wao Weusi na Walatino, na aliyekuwa na hatia ya zamani aliweza kupandishiwa shtaka hadi kosa kubwa la jinai. Kosa lao lilitegemea ustadi wa mkono wa askari aliyewakamata, jambo ambalo hakuna mnunuzi angeweza kulijua akiwa kaunta. Mwezi Machi 2019 jaji wa mahakama ya shirikisho aliona kwamba sheria hiyo, kwa jinsi ilivyotumika dhidi ya mlalamikaji, haikuwa wazi kiasi cha kukidhi Katiba. Mwezi Mei mwaka huo jimbo likafuta marufuku ya visu vya mteremko. Vya kufyatua vikabaki vimekatazwa.

Majimbo mengine yamelegeza zaidi. New Hampshire ilifuta marufuku yake mwaka 2010, Texas mwaka 2013, Ohio na Virginia baadaye. Mengine yameweka masharti. Illinois inamtaka mwenye kisu cha kufyatua awe na kadi ya kumiliki silaha za moto. California inaruhusu kukibeba iwapo bapa halifiki inchi 2. New Jersey inamtia hatiani anayekimiliki bila sababu halali inayoelezeka. Tarehe 27 Agosti 2024 mahakama ya juu ya Massachusetts iliamua kwamba marufuku ya jimbo hilo inakiuka Marekebisho ya Pili ya Katiba, yale yanayolinda haki ya kuwa na silaha. Kwa hiyo Mswahili wa Houston na nduguye wa Jersey City wanaweza kushika kisu kilekile, mmoja akiwa huru na mwingine akielekea mahakamani.

Uingereza iliifuata Marekani baada ya mwaka mmoja. Sheria ya mwaka 1959 ilikataza kutengeneza, kuuza, kukodisha, kutoa kwa mauzo au kumpa mtu kisu cha kufyatua au cha mteremko, na pia kukiingiza nchini. Mwaka huohuo mwenye duka mmoja wa Bristol aliweka kisu cha kufyatua dirishani na kibandiko cha bei: shilingi 4. Polisi wakamshtaki kwa kukitoa kwa mauzo. Kesi ya Fisher dhidi ya Bell ilipofika Mahakama Kuu mwaka 1960, majaji walisema kwamba katika sheria ya mikataba bidhaa iliyo dirishani haijatolewa kwa mauzo. Ni mwaliko tu kwa mpita njia ili yeye ndiye atoe pendekezo la kununua, na muuzaji ana hiari ya kulikataa. Bunge lingetaka kukataza maonyesho lingesema hivyo. Bell, yule mwenye duka, akashinda, na mwaka 1961 Bunge likarekebisha sheria ili iwahusu pia wanaoonyesha kisu hicho au kukiweka kwa nia ya kukiuza.

Wanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam, Nairobi na Makerere huisoma kesi hii katika somo la mikataba, na wengi hukumbuka mwaliko na pendekezo kuliko kisu chenyewe. Ingefaa wakikumbuke na kisu. Majaji waliona wazi kwamba matokeo yalikwenda kinyume na kusudi la sheria, lakini walikataa kuongeza neno ambalo Bunge halikuliandika ili mtu apate kuadhibiwa. New York, miaka hamsini baadaye, maana ilinyooshwa kuelekea upande wa pili, na waliolipa ni mafundi.

Kwa miaka mingi Mwingereza aliyekuwa na kisu cha kufyatua kabatini mwake hakuvunja sheria, alimradi hakukiuza wala kumpa mtu. Kukibeba barabarani ni jambo jingine. Mahakama zilishaamua mwaka 1983 kwamba kisu hiki ni silaha kwa asili yake, hivyo mwendesha mashtaka hana haja ya kuthibitisha nia ya kudhuru. Ni mshtakiwa anayepaswa kuonyesha kwamba alikuwa na sababu ya maana. Kisu kinachoruhusiwa mfukoni bila maelezo ni cha kukunja kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Sheria ya mwaka 2019 ilifunga mlango wa kabati pia: tangu tarehe 14 Julai 2021, katika Uingereza na Wales, kumiliki kisu cha kufyatua hata nyumbani ni kosa. Waliokuwa navyo walipewa muda wa kuvisalimisha na kulipwa fidia.

Ujerumani iliwahi kuruhusu kisu cha kutokea ubavuni chenye bapa lisilozidi sentimita 8.5. Baada ya shambulio la kisu katika tamasha la mji wa Solingen, Agosti 2024, ilikaza sheria, na tangu mwisho wa Oktoba mwaka huo visu vya kufyatua vimekatazwa kwa jumla. Visu vya kipimo hicho cha zamani bado vinaruhusiwa kwa mwenye haja halali ya kuvitumia kwa mkono mmoja, hasa kazini au mawindoni.

Kenya na Tanzania zilirithi kanuni zao za adhabu kutoka kwa mkoloni Mwingereza, na humo springi haikuwekwa kuwa kipimo cha kosa. Kosa ni kutembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna inayotia watu hofu. Askari wa Mombasa anayemkuta mtu na kisu, kiwe cha kitufe au cha jikoni, anatazama mahali, saa na mwenendo wa aliyekishika. Msafiri aliyekinunua kihalali Texas na kukitia kwenye begi lililokwenda chini ya ndege anaweza kufika Nairobi na kuulizwa kuhusu nia yake. Akishuka London na kupita forodhani na begi hilo, kisu chenyewe tayari ni kosa.