Serikali na Wagonjwa wa Akili: Fundisho la Ugonjwa wa Usingizi

Tarehe 27 Februari 1905 mganga mmoja Mwingereza alikufa pale Kasongo. Jina lake Joseph Everett Dutton, umri wake miaka 30 tu. Alikuwa ametumwa na shule ya uganga ya Liverpool, pamoja na mwenzake John Todd, kuja kuchungua ugonjwa wa usingizi katika Kongo. Haukumwua ugonjwa ule, bali homa ya kimputu, ambayo naye alikuwa akiichungua. Twaanza na kifo hicho kwa sababu kilitokea kwetu, na kwa sababu kinatuelekeza kwenye swali linalotuhangaisha sasa: Je, yaipasa Serikali kuongeza fedha kwa ajili ya wagonjwa wa akili?

Huku Lusangi, na katika nchi yote ya Kasongo na Kabambare, wengi hujibu haraka. Husema: Nchi ni maskini, kwanza malaria, kwanza watoto, kwanza barabara. Mwenye wazimu ni shauri la jamaa yake; na jamaa wakishindwa, kuna mganga wa kienyeji, kuna chumba cha sala, kuna Padri. Sisi hatuwadharau wasemao hivyo, maana umaskini wanaoutaja ni wa kweli. Lakini tuwaombe watazame kwanza mambo yaliyopita.

Ugonjwa wa usingizi, ambao wengine huuita malale, huletwa na mbung'o. Mwanzoni mtu ana homa na kuumwa kichwa. Baadaye kijidudu huingia katika ubongo. Hapo mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku. Tabia yake hugeuka. Mpole awa mkali, mwenye haya avua nguo mbele za watu, hunena maneno yasiyo na maana. Jirani asiyejua asema: Amerogwa, au: Amepata wazimu. Basi wengi waliohesabiwa kuwa wenye wazimu walikuwa na ugonjwa wenye sababu na wenye dawa. Walikosa tu mtu wa kuwapima.

Bula Matari alifanya nini? Alitoa fedha. Tusijidanganye kwamba aliongozwa na huruma peke yake. Ugonjwa ulikuwa unamaliza watu wa kazi, na nchi isiyo na watu haitoi mpira wala madini. Tena alitumia nguvu: wagonjwa walitengwa katika kambi zenye ulinzi, watu walikatazwa kusafiri bila cheti cha mganga, na dawa ya kwanza, atoksili, iliwapofusha wengi. Ndiyo maana watu walikimbilia porini walipomwona mganga anakuja. Fedha bila heshima ya mtu huzaa woga. Jambo hilo tulishike, tutalirudia.

Hata hivyo, tangu miaka ya 1920 vikosi vya waganga na wauguzi vilianza kutembea kijiji kwa kijiji. Waliwapanga watu wote, wakawashika shingo kutafuta uvimbe, wakapima damu, wakaandika majina katika daftari. Matunda yake yalionekana. Mwaka 1930 katika Kongo nzima waliandikwa wagonjwa wapya zaidi ya 33,000. Mwaka 1959 walikuwa kama 1,200 tu.

Kisha ikaja miaka ya fujo baada ya Uhuru wa 1960, na huku Maniema uasi wa 1964. Vikosi vilisimama, na ugonjwa ukaanza kurudi. Kazi ikaanzishwa tena, kwa sehemu kubwa kwa fedha ya Ubelgiji. Lakini mwaka 1990 Ubelgiji ilikata msaada wake, na kazi ikaanguka mara ya pili. Mwaka 1998 wagonjwa wapya walioandikwa walizidi 26,000. Msaada ulipokuja tena, pamoja na dawa bora, hesabu ikashuka. Tangu mwaka 2018 haifiki 1,000 kwa mwaka. Katika mwaka huo huo wa 2018 Kongo ilikubali dawa ya vidonge, feksinidazoli, ambayo wagonjwa wengi waweza kuimeza bila kuchomwa sindano.

Twapata hapa mafundisho mawili. La kwanza: ugonjwa uliotisha nchi nzima ulirudi nyuma kila mara kazi ilipolipiwa, ukasonga mbele kila mara malipo yalipokoma. La pili: fedha ya mgeni ni kama mvua ya kupita. Mwenyeji asipochimba kisima chake, kiangazi kitamkuta na kiu.

Sasa tugeukie wagonjwa wa akili wenyewe. Nani aliwaandika katika daftari? Mwenye huzuni isiyokwisha haleti hofu kwa mwenye kampuni. Mwenye kifafa hamwambukizi askari. Mama asikiaye sauti usiku hapunguzi madini ya mtu. Kwa hiyo hawakuhesabiwa, na asiyehesabiwa hatengewi fungu.

Mambo hayakuwa tofauti huko Ulaya. Mwaka 1807, katika mji wa Gent, Padri Petrus Jozef Triest alianzisha shirika la Bruda wa Karitasi, na mwaka 1815 shirika hilo likaanza kutunza wenye wazimu, ambao zamani hizo walifungwa minyororo. Daktari Joseph Guislain alifanya kazi pamoja nao kwa miaka mingi. Lakini mapendo ya Bruda na elimu ya daktari havikutosha. Guislain alidai sheria, na tarehe 18 Juni 1850 Ubelgiji ikapata sheria ya kuwalinda wagonjwa hao. Kanisa lilifungua mlango. Lakini ili mlango usifungwe tena, ilibidi Serikali iingie.

Bruda hao walifika Kongo mwaka 1911, nao hapo kwanza walifanya kazi ya shule. Leo wanatunza wagonjwa wa akili katika miji kadhaa. Huko Bukavu kuna nyumba ya Sosame, iliyoanzishwa mwaka 1994. Ni kazi njema kabisa. Lakini mtu wa Lusangi atafikaje Bukavu? Atampitishaje ndugu yake anayepiga kelele katika barabara mbovu, siku kwa siku, naye hana falanga ya chakula? Na huku kwetu majeraha yameongezeka. Pale Salamabila, katika teritwari ya Kabambare, vita vya makundi ya Mai-Mai na jeshi vimefukuza watu makwao na kuwatendea wanawake maovu. Mguu uliovunjika huonekana. Moyo uliovunjika hauonekani, hata siku mtu anapojitia kitanzi.

Watu watauliza: Fedha itoke wapi? Tunajibu kwamba hatuombi jumba kubwa lenye kuta, maana tumekwisha kuona matunda ya kambi zenye ulinzi. Twaomba kidogo, lakini cha kila mwaka: muuguzi mmoja katika kila zoni ya afya aliyefundishwa kazi hiyo, vidonge vya kifafa, ambavyo ni vya bei ndogo, visikose katika dispanseri, na daktari wa kumsimamia. Mwaka 2001, katika mkutano wa Abuja, wakubwa wa Afrika waliahidi kutoa sehemu 15 katika mia ya fedha za nchi kwa ajili ya afya. Na katika fedha za afya, Shirika la Afya la Ulimwengu laonyesha kwamba serikali za dunia kwa kawaida hutoa kama sehemu 2 tu katika mia kwa magonjwa ya akili. Mwenye kugawa mkate hivyo hawezi kusema kwamba mkate haukutosha. Amechagua nani asile.

Na sisi je? Wahenga husema: Mficha maradhi kilio humfichua. Yule mtu wa nchi ya Wagerasi aliishi makaburini, naye alikuwa amefungwa pingu mara nyingi, na watu wa kijiji walikuwa wamemzoea. Tusizoee. Katekista anajua kila nyumba ya kijiji chake. Anajua ni wapi mtu amefungwa mguu katika gogo nyuma ya jiko. Amshawishi jamaa amfungue na kumpeleka kwa muuguzi, asimwambie kwamba sala yatosha bila dawa. Kisha ahesabu, bila kutaja majina barazani: kijiji hiki watu wangapi, kijiji kile wangapi. Padri akusanye hesabu hizo, azipeleke kwa mganga mkuu wa zoni na kwa wajumbe wanaopanga fedha za jimbo.

Zamani daftari la mganga ndilo lililoonyesha ukubwa wa ugonjwa wa usingizi, hata Bula Matari akafungua mfuko wake. Daftari la wagonjwa wa akili bado ni tupu. Tuanze kuliandika.