MBIO ZA BAISKELI ZA MILIMANI: mtu anaingiaje, na sisi wa Nkwenda tunakosa nini?

Haya wadau, kama kawaida ya hapa, mtu akiuliza swali la maana tunalijibu kwa kirefu ili na wengine wafaidike. Wiki hii dogo mmoja anayeleta ndizi kwa baiskeli hapa senta kaniuliza: "Kaka, hizi mbio za baiskeli za kwenye matope na mawe ninazoona kwenye simu, mtu anaingiaje? Na mimi mwenye Phoenix naweza?" Nikamjibu haraka haraka kwamba anaweza. Usiku nikajiona nimemdanganya nusu. Miguu anayo, tena ya kumwaga. Breki ndiyo hana. Basi jibu kamili ni hili.

NI MBIO GANI HASA?

Wengi wetu Kanda ya Ziwa tukisikia mbio za baiskeli tunakumbuka zile za lami, kama Vodacom Mwanza Cycle Challenge ya miaka ya 2000. Hizi ni tofauti. Hapa watu wanapita njia za porini: vijia vya miguu, mizizi, mawe, matope, kupanda na kushuka. Hakuna lami, au ikiwepo ni kipande tu.

Aina kuu ni ya mzunguko, ile inayochezwa Olimpiki (kifupi chake XCO). Mzunguko mmoja kwa kawaida ni kilomita 4 hadi 6, mnaurudia mara kadhaa. Wakubwa wa dunia hutumia kama saa moja na nusu. Wote mnaondoka pamoja, na wa kwanza kuvuka mstari ndiye mshindi, basi. Kuna pia mbio ndefu (XCM) za kuanzia kilomita 60 hivi na kuendelea, na fupi kabisa (XCC) za kama dakika 20.

Olimpiki mchezo huu uliingia Atlanta mwaka 1996. Bart Brentjens wa Uholanzi alichukua dhahabu ya wanaume, Paola Pezzo wa Italia ya wanawake. Kwa hiyo dada zetu msikae pembeni, huu ni mchezo wenu pia tangu siku ya kwanza.

ULIANZA NA SHIDA YA BREKI

Hapa ndipo watu wa kwetu watacheka. Mchezo huu haukuanza na baiskeli za mamilioni. Miaka ya 1970 vijana wa Marin, California, walichukua baiskeli kuukuu, nzito, nyingine zenye giya moja tu, wakaanza kushindana kuteremka mlima. Breki ilikuwa ile ya nyuma ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Tarehe 21 Oktoba 1976 wakafanya mbio ya kwanza ya kupima muda kwenye mteremko wa kama kilomita 3 na ushee, wenye kushuka takriban mita 400.

Ikawa ukifika chini, grisi ndani ya habu ya nyuma imeungua na kutoa moshi, lazima ufungue upake mpya kabla ya kushuka tena. Jina la mbio hiyo, Repack, linatokana na kazi hiyo ya kupaka grisi upya! Ndipo wakina Joe Breeze, Gary Fisher na Tom Ritchey wakaanza kutengeneza baiskeli zinazofaa: fremu imara, tairi pana, giya nyingi na breki za kuaminika.

Yaani walianza na vyuma kama vya kwetu, kwenye milima kama ya kwetu. Tofauti ni kwamba breki zilipowashinda walikaa chini wakazirekebisha. Sisi breki zikitushinda tunatumia ndala. Kila aliyekulia huku anaijua breki ya ndala: unakandamiza mguu kwenye tairi, unaomba Mungu. Mimi nikiwa kidato cha tatu nilishuka kilima na debe la maji nyuma, mvua imenyesha, zile breki za fimbo za chuma zikashika maji na ringi ikawa kama imepakwa sabuni. Ndala ikakatika. Nikaishia ndani ya shamba la kahawa la mzee wa watu. Kovu ninalo kwenye goti hadi leo, na nahesabu nilibahatika, maana ningekwenda upande wa pili kulikuwa na korongo.

JIRANI ZETU WAMEFIKA WAPI?

Ng'ambo ya Mto Kagera tu hapo, Rwanda. Mwezi Desemba 2005 yule yule Tom Ritchey alitembelea Rwanda, akaona wakulima wanavyosukuma mizigo milimani kwa baiskeli, zikiwemo za mbao. Akabuni baiskeli ndefu ya kubebea kahawa, kwa sababu kahawa mbivu ikichelewa kufika kiwandani kuoshwa ubora unashuka. Mwaka 2006 ikafanyika mbio iliyoitwa Wooden Bike Classic, na humo vipaji vikaonekana. Timu ikajengwa.

Mmoja wa vijana wa mwanzo wa timu hiyo ni Adrien Niyonshuti, mzaliwa wa Rwamagana, mashariki mwa Rwanda. Alipoteza ndugu zake wengi katika mauaji ya kimbari ya 1994. Mwaka 2012 alibeba bendera ya Rwanda Olimpiki ya London, akashiriki mbio za baiskeli za milimani na kumaliza. Wa 39. Unaweza kusema nafasi ya 39 si kitu, lakini pale kumaliza tu ni kazi, maana walioachwa mbali hutolewa njiani (nitaeleza chini). Rio 2016 Rwanda ikapeleka mwingine katika mbio hizo hizo, Nathan Byukusenge. Na Septemba 2025 Kigali ikaandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Hayo ni ya lami, ndiyo, lakini angalia walikoanzia: baiskeli ya kahawa!

Kenya nako kuna David Kinjah wa Kikuyu na kundi lake la Safari Simbaz. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi 1985 na baadaye akashinda Tour de France mara nne, alifundwa na Kinjah akiwa bado mtoto.

PHOENIX INAFAA?

Kwa mazoezi ya pumzi, inafaa. Kwa kushindana kwenye mteremko wa mawe, hapana. Sababu ni hizi:

- Uzito. Phoenix na ndugu zake ni kama kilo 20. Baiskeli ya mbio hizi ni kilo 10 hadi 12.
- Giya. Moja haitoshi kwenye mlima mkali, utashuka usukume.
- Tairi. Nyembamba, zinateleza kwenye changarawe.
- Breki. Za fimbo zikilowa hazishiki vizuri.

Cha kutafuta ni baiskeli ya mtumba ya giya, ya ringi inchi 26, ambazo ndizo nyingi. Mpya za siku hizi ni inchi 29, lakini usiumize kichwa. Ukienda kununua usidanganyike na rangi wala shokapu. Kagua hivi: fremu haina ufa (hasa karibu na usukani), ringi inazunguka bila kuyumba, cheni haijalegea kupita kiasi, na breki zote mbili zinafunga gurudumu kabisa ukizibana kwa vidole viwili. Shokapu mbovu ya bei poa ni mzigo tu, bora fremu ngumu yenye breki nzuri.

Pesa ikibaki, inunue helmeti kabla ya kitu kingine chochote. Mashindano yanayofuata kanuni hayakuruhusu kuanza bila helmeti. Halafu beba tyubu ya akiba, pampu ndogo, viraka na solusheni. Upepo wa tairi usijaze ukawa jiwe kama unabeba mikungu minne. Psi 25 hadi 35 inatosha kutegemea uzito wako. Ukipunguza mno, tyubu inabanwa kati ya jiwe na ringi inatoboka.

MAZOEZI KWA MTU WA HUKU

Kubeba ndizi kunajenga nguvu, lakini miguu inazoea kuzunguka taratibu. Mbio zinataka wepesi, kama mizunguko 80 hadi 90 ya pedali kwa dakika. Anza na siku tatu kwa wiki:

1. Siku ya umbali: saa mbili bila kukimbizana, unaweza kuongea huku unaendesha.
2. Siku ya mlima: panda kwa nguvu dakika 4, shuka pole pole, rudia mara 4.
3. Siku ya ufundi: tafuta mteremko mfupi, urudie hadi uuzoee.

Kushuka kuna kanuni zake. Simama kwenye pedali, zote ziwe sawa, usikae. Sogeza makalio nyuma. Macho yatazame mbele unakokwenda, si kwenye jiwe unaloliogopa, maana ukilitazama utalifuata. Punguza mwendo KABLA ya kona, si ndani ya kona. Tumia breki zote mbili kidogo kidogo, ukibana ya mbele peke yake kwa nguvu utaruka juu ya usukani. Na giya ya mlima ibadilishe kabla mlima haujakukamata.

Chakula kisikutishe. Uji asubuhi, ndizi mbivu mfukoni, maji ya kutosha. Ndizi tunazo, jamani!

TUKITAKA MZUNGUKO WETU

Kama kuna kitu Nkwenda haijanyimwa ni vilima. Mnaweza kuanza hivi:

- Tafuteni njia ya kilomita 4 au 5 yenye mlima mmoja wa maana. Pimeni kwa simu.
- Itembeeni kwa miguu kwanza. Kila shimo, kila daraja la miti, kila kona kipofu iwekewe alama.
- Ongeeni na serikali ya kijiji na wenye mashamba. Usipite kwenye kahawa ya mtu halafu useme ni michezo.
- Wekeni sehemu pana za kupitana.
- Wekeni mtu kwenye kila makutano na barabara, hasa ile ya Omurushaka–Nkwenda–Murongo, maana bodaboda na malori hayajui kama mko kwenye mbio. Hapo polisi nao wahusishwe.
- Kuwe na sanduku la huduma ya kwanza na chombo cha kumkimbiza mtu zahanati.
- Juni hadi Agosti ndio muda mzuri. Masika udongo wetu mwekundu unaganda hadi gurudumu halizunguki.

Kuhusu usajili: klabu husajiliwa kwa Msajili chini ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Mlango wa kuanzia ni afisa michezo wa wilaya, na kwetu tangu Kyerwa itoke Karagwe mwaka 2012, ni halmashauri ya Kyerwa. Chama cha mchezo kitaifa ni CHABATA, Chama cha Baiskeli Tanzania. Bila klabu mtabaki washkaji wanaoendesha baiskeli, hakuna atakayewaalika popote. Mkishakuwa na klabu, nje ya mipaka kuna pa kulenga. Rwanda imewahi kuandaa hata mbio za milimani za siku kadhaa mfululizo kama Rwandan Epic. Daraja la kutuvusha hapa karibu hatuna, kwa hiyo njia ni kuzunguka Rusumo, au kupitia Murongo na kukata Uganda.

SIKU YA MBIO

Kanuni za kimataifa ambazo hata wa ridhaa wanazifuata: lazima upite njia yote, njia ya mkato unatolewa. Ukishindwa kupanda, unaruhusiwa kushuka na kukimbia na baiskeli yako. Tairi likitoboka unatengeneza mwenyewe, au unasaidiwa kwenye sehemu maalum tu. Baiskeli huruhusiwi kubadilisha, uliyoanza nayo ndiyo unayomaliza nayo. Anayekuja nyuma kwa kasi ukiwa umeshazungukwa, mpishe.

Na ile ya kutolewa: ukiachwa na kiongozi kwa muda unaofikia asilimia 80 ya mzunguko wake wa kwanza, unasimamishwa. Mfano, kiongozi akitumia dakika 15, ukiachwa dakika 12 safari yako imeishia hapo. Kwa mbio zetu za kwanza mimi ningesema kanuni hii tuiweke pembeni, kila mtu amalize.

Sasa dogo, jibu lako kamili ni hili. Unaweza. Ila usianze kwa kutafuta zawadi wala jezi. Kesho kabla hujapakia ndizi, pita kwa fundi ubadilishe raba za breki, mbele na nyuma. Hata mbio zisipofanyika kamwe, kile kilima unakishuka kila siku na mzigo, na mama yako anakusubiri jioni.

Wadau mnaojua kijia kizuri cha kilomita 4 maeneo ya Nkwenda, kisicho na korongo, tupieni kwenye maoni hapo chini. Na mwenye helmeti ya ziada isiyotumika nyumbani naye aseme. Tupo pamoja!