Kalamu ya Tete na Lugha ya Ge'ez

Miongoni mwa Wakristo wa Ethiopia, kunakili Maandiko kwa mkono tangu kale hakukuwa kazi ya ukarani tu, bali ibada. Ngozi ya mbuzi ilitandazwa juu ya kiunzi, ikakwanguliwa na kukaushwa. Mnakili alitumia kalamu ya tete na wino wa masizi. Alipofikia jina la Mungu au la Bikira Maria, alibadili wino, akaliandika kwa rangi nyekundu. Mapokeo yasimulia kwamba Abba Garima alinakili Injili kwa siku moja, Mungu akilizuia jua lisichwe. Injili zihifadhiwazo katika monasteri yake, karibu na Adwa, zimepimwa na kukadiriwa kuwa za kati ya mwaka 330 na 650.

Zaburi za Ge'ez zilipigwa chapa Roma mwaka 1513, lakini huko Ethiopia kalamu haikuwekwa chini. Wakati huo Ge'ez ilikuwa imekwisha kutoweka vinywani mwa watu majumbani, ikabaki kanisani na vitabuni. Hivyo lugha iliyokosa watoto wa kuirithi ilipata wanakili. Nao, wakitafuta wokovu wa roho zao, waliiokoa na lugha.