Kiti cha enzi kilitoka wapi?

Ukitembelea makumbusho ya Lamu au Mombasa, kitafute kiti kirefu cha mbao nyeusi: mgongo wima, mahali pa kuegemeza mikono, ubao wa kuwekea miguu, na vipande vya mifupa au pembe za ndovu vilivyopachikwa humo. Hicho ndicho kiti cha enzi.

Nani alikileta? Wapo wataalamu wanaotaja Misri ya Wamamluki, kwa sababu ya ile nakshi ya pembe. Wengine wanataja Wareno, waliofika pwani yetu mwaka 1498, na wengine India. Hoja zote zina uzito, maana majahazi yalizunguka bahari hii kwa pepo za kusi na kaskazi.

Lakini kuuliza "nani alikileta" ni kukubali mapema kwamba kililetwa. Hebu tukihoji kiti chenyewe. Mbao zake mara nyingi ni mpingo, mti wa Afrika, mzito kiasi kwamba kipande chake kinazama majini. Jina je? "Kiti" lina shina la Kibantu -ti, lilelile la "mti". "Enzi" asili yake ni Kiarabu. Na kazi yake ilikuwa kumketisha mtawala au mgeni wa heshima wa Mswahili.

Kwa hiyo ukisoma kibao kinachosema tu "kiti cha Kireno" au "cha Kiarabu", ujue fundi wa Lamu, Pate au Siyu ameachwa nje. Mtindo huenda ulisafiri. Aliyeuchagua, akaubadilisha na kuuchonga ni yeye.