Kingamwili na Tuhuma ya Siku Nyingi

Mnamo mwaka 1868, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, tabibu Jean-Martin Charcot aliyapambanua maradhi yaitwayo leo maltipo sklerosisi, akionyesha katika bongo za maiti mabaka magumu mahali palipopaswa kuwa na utando wa mafuta unaozikinga neva. Lakini ni nani aulaye utando ule, hilo hakulijua.

Tuhuma iliziangukia kingamwili. Elvin Kabat wa New York, alipoyapitisha maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa katika chombo cha umeme kitenganishacho protini, aliikuta gamaglobulini, ambamo kingamwili zimo, imezidi kiasi, na habari hiyo ikachapishwa mwaka 1942. Na kwa kuwa kazi ya kingamwili ni kumshika adui, ilikuwa wepesi kudhani kwamba hapa mlinzi amemkamata mwenye nyumba. Wanyama wa maabara, hata hivyo, hawakuafiki: maradhi ya mfano wake hayakuhamishika kwa majimaji ya damu, ilhali mwaka 1960 Philip Paterson alipohamisha seli za tezi za limfu, panya waliozipokea waliugua. Lawama ikahamia kwa seli T, na seli B, ambazo kwazo hutokea seli zitoazo kingamwili, zikapuuzwa kwa miongo kadhaa.

Ajabu ikaja mwaka 2008. Stephen Hauser wa San Francisco na wenzake waliwajaribia wagonjwa 104 dawa ya rituksimabu, iliyokuwa ikitibu saratani ya seli B, nayo huziua seli hizo kwa kuishika alama iliyo juu yake; na kufikia juma la 12 waliopewa dawa walikuwa wamekwisha kupungukiwa mno na mabaka mapya. Nafuu ya upesi namna ile haielezeki kwa kingamwili, maana seli zizitoazo hazina alama ile, wala dawa haizigusi. Kumbe seli B zina shughuli nyingine, nayo ni kuzionyesha seli T vipande vya protini na kuzichochea. Na kwa maoni yangu kosa la awali lilikuwa kumhukumu mzazi kwa kazi ya mtoto tu.

Sehemu ya kisa hiki inayotuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki ilianzia Mulago, Kampala. Denis Burkitt, mpasuaji wa huko, alihutubia London mwaka 1961 juu ya saratani ya taya za watoto. Anthony Epstein, aliyekuwa akisikiliza, akaomba vipande vya uvimbe vipelekwe kwa ndege, na kimoja, ambacho ukungu uliilazimisha ndege yake kuteremka Manchester, kilifika maji yake yametibuka kwa seli zilizo hai zikielea. Katika seli zilizooteshwa hivyo, mwaka 1964, yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kuona kirusi kipya. Mwaka 2022 watafiti wa Harvard, waliozifuatilia kumbukumbu za askari wa Marekani zaidi ya milioni 10, walieleza kwamba aambukizwaye kirusi hicho hatari yake ya maltipo sklerosisi hupanda mara 32. Watu wazima karibu wote wanacho na wengi hawaugui kamwe, hivyo peke yake hakitoshi. Ila maskani yake ni seli B, zile zile zilizofyekwa na dawa ya San Francisco.